Mistari Yako, Maandishi Yangu

Juzi mjukuu wangu alinipeleka kunywa chai katika hoteli moja hapa Kericho, mji niliorudi uzeeni, zile hoteli zinazopenda kuonyesha vitu vya wazungu wa zamani. Ukutani, karibu na mlango wa choo, kuna sanduku la kioo. Ndani yake wamelaza kalamu tano za chuma zenye mipini ya pembe, juu ya kitambaa chekundu, zimeng'arishwa mpaka zinaumiza macho. Chini wameweka kibao: "Kalamu za mainjinia waliojenga nchi ya chai." Mjukuu akanisomea kwa sauti, akidhani macho yangu yamechoka. Hayajachoka. Nilikuwa nimeshasoma mara mbili, na kikombe nimeshakiweka chini.

Ati kalamu za mainjinia! Nyoo! Nikamwambia aniitie mwenye hoteli. Akanivuta shati, "Babu, tafadhali, watu wanatuangalia." Nikamwambia waangalie, kuangalia hakulipiwi. Mwenye hoteli akaja, kijana mpole mwenye tai, akaniuliza kama chai ni mbaya. Nikamwambia chai ni nzuri ila kibao kinasema uongo. Akaniuliza kwa heshima, "Kwani mzee, wewe ulikuwa injinia?" Nikasema hapana. Basi akatabasamu, akaniongezea maandazi mawili, akaenda zake.

Sikulala vizuri kwa sababu ya hayo maandazi mawili. Ndiyo maana naandika.

Wacha kwanza niieleze kalamu yenyewe, maana siku hizi mnajua za kubofya tu. Kalamu ile haina nibu. Ina midomo miwili ya chuma iliyochongoka, imekaribiana bila kugusana, na skrubu ndogo ubavuni. Ukikaza skrubu mstari unakuwa mwembamba kama unywele, ukilegeza unanenepa. Sisi tuliiita kalamu ya midomo. Haichovywi kwenye wino. Ukiichovya, wino unashika nje ya midomo, na ukiiegemeza kwenye rula wino unatambaa chini ya rula na kazi ya siku nzima imekwenda. Unautia katikati ya midomo kwa kijiti, tone moja, unalipima kwa jicho. Likizidi linaanguka, likipungua mstari unakatika njiani. Kila baada ya mistari mitatu minne unaipangusa, kwa sababu wino ule ukikauka mle ndani hautoki mpaka kwa kisu. Na kila Jumamosi unainoa kwenye jiwe lenye mafuta, midomo yote miwili ilingane, kwa kuwa mmoja ukiwa mrefu kuliko mwenzake unakata kitambaa.

Nimesema kitambaa, si karatasi. Ramani za maana tulizichora juu ya kitambaa cha pamba kilichopakwa wanga mpaka unaona kilicho chini yake. Kitambaa hicho kina pande mbili. Upande mmoja unang'aa, mwingine umefifia, na wino unatiwa upande uliofifia baada ya kuusugua kwa unga wa chaki. Adui yake ni maji. Tone moja tu likianguka, jasho hata mate, wanga unalainika na pale mahali hapafai tena. Sasa fikiria kazi hiyo Kericho, ambako mvua inafika saa nane mchana kama mtu aliyeandikwa kazi, na mara nyingi imebeba mawe. Nilichora asubuhi. Mchana nilifunika meza kwa turubai na kunoa kalamu nikisikiliza mabati yakipigwa.

Ndiyo, nilichora mimi. Injinia niliyemfanyia kazi hakuwahi hata siku moja kuipangusa kalamu yake. Aliichovya!

Mimi ni mtu wa ziwani. Wamisheni walinifundisha kusoma, kuandika na useremala, na mwalimu wa useremala ndiye aliyenionyesha kupiga mstari ulionyooka. Nilikuja huku nyuma ya lori, juu ya magunia, miaka ile ya nzige, mashamba mapya yakifyekwa mpaka ubavuni mwa msitu wa Mau. Nikaandikwa katika ofisi ya injinia wa kampuni moja ya chai. Niliandikwa boi wa ofisi, yaani kufagia, kuchemsha chai na kupeleka barua. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na ndevu nilikuwa nanyoa siku nyingi. Boi!

Neno hilo likaingia kwenye kipande changu. Vijana huenda hamkijui. Kipande kilikuwa karatasi ya serikali iliyokunjwa ndani ya kijaluba cha bati, na kila mwanamume Mwafrika alitembea nacho, kimening'inia shingoni kwa kamba. Mle ndani mwajiri aliandika ni kazi gani unafanya na siku uliyoanza, na siku ya kuondoka alitia sahihi. Bila sahihi hiyo hakuna mwingine aliyeweza kukuandika. Ukiondoka bila hiyo, wewe ni mtoro na askari wanakutafuta mpaka kwa mama yako. Kilichoandikwa mle ndicho ulichokuwa mbele ya serikali na mbele ya kila ofisi.

Injinia alikuwa mtu mrefu mwenye shingo nyekundu, na alikuwa na akili ya hesabu, simnyimi haki yake. Lakini mikono ilimtetemeka. Sijui ilikuwa malaria au chupa, nadhani vilisaidiana. Penseli aliiweza, maana penseli inafutika. Wino haukumwonea huruma. Mwezi wangu wa tatu alinikuta nimenoa kalamu zake zote na ninajaribu mistari kwenye kitambaa alichokitupa. Nikajua leo nafukuzwa. Akatoa kioo cha kukuzia, akainama akautazama mstari, kisha akanitazama mimi. Kesho yake fagio akapewa mtu mwingine, na mimi nikapewa kiti.

Tangu hapo kila ramani iliyotoka katika ofisi ile niliichora mimi. Maghala, madaraja, nyumba za mameneja, mabanda ya kunyaushia majani, kambi za wafanyakazi. Yeye alichora kwa penseli, mimi nikatandaza kitambaa juu yake na kupiga wino. Miaka sita! Ukipita leo kwenye majumba yale ya zamani ya viwanda, kila kona unayoiona ilipita kwanza kati ya midomo ya kalamu niliyoishika mimi.

Palikuwa na sharti moja. Alinipa siku ya kwanza, kwa Kiswahili chake cha kisetla: "Laini ya wewe, maneno ya mimi." Mistari yako, maandishi yangu. Sikuruhusiwa kuandika hata herufi moja kwenye ramani. Jina la jengo, vipimo, mshale wa mto, yote aliandika mwenyewe kwa mkono ule ule unaotetemeka, na herufi zake zilikaa pale juu ya mistari yangu kama kuku waliotawanyika. Niliwahi kuuliza sababu. Akanijibu, bila hasira, kwamba laini ni kazi ya mkono tu, lakini maneno ni kazi ya kichwa. Na mwandiko wangu ulikuwa mzuri! Wamisheni walinichapa viganja mpaka herufi zangu zikasimama wima zenyewe. Nikarudi mezani.

Wakati huo nilikuwa nimeoa. Mke wangu ametoka milima ya jirani, upande wa magharibi, na ulimi wake ni mkali. Nikirudi nyumbani na vidole vyeusi alikuwa ananicheka, "Watu wa ziwani kwa kujisifu! Wewe ni mchora ramani wapi? Hebu lete kipande tusome." Alikuwa ananitania, lakini utani ule ulikuwa unanichoma, na yeye alijua.

Utani huo ukageuka haja ya kweli siku mwalimu wangu wa useremala aliponiandikia barua. Kule kwetu, ofisi moja ya ujenzi kando ya ziwa ilikuwa inatafuta Mwafrika anayejua kuchora kwa wino. Alinitaja. Wakamwambia nije, mradi kipande changu kiseme mimi ni mchora ramani. Mama yangu alikuwa peke yake kule, macho yake yanafunga kidogo kidogo, anapapasa ukuta kutafuta mlango. Mimi ndiye mtoto pekee aliyebaki. Neno moja kwenye kipande lingenirudisha nyumbani kwake nikiwa na kalamu mkononi. Nikamwendea injinia, nikamwomba anibadilishie lile neno. Alifikiri, akasema, "Wewe maliza kazi ya Kimulot kwanza. Halafu mimi naandika." Nikamwamini. Mjinga akierevuka mwerevu yuko mashakani, lakini mimi nilikuwa bado sijaerevuka.

Kazi ya Kimulot ilikuwa ukuta wa kuzuia mto mdogo, maji yapande, yaingie kwenye mfereji, yaende kuzungusha mashine za kiwanda kipya. Mfereji ulikuwa umeshachimbwa na kundi lingine, ukingo wa kulia ukitazama maji yanakokwenda. Kwa hiyo lango la maji lilipaswa liwe kulia. Hapo hapana ugumu wowote. Ukuta wenyewe ulikuwa sawa pande zote mbili, bawa la mawe huku na bawa la mawe kule. Kilichotofautisha upande na upande ni hilo lango peke yake.

Nilichora siku tisa. Sijawahi kuchora vizuri vile, maana kila mstari niliuona kama hatua ya kwenda kwa mama. Siku ya tisa mke wangu akashikwa na uchungu. Niliomba ruhusa ya siku tatu nikapewa. Nikaviringisha kitambaa, upande wa wino ndani, nikakiacha mezani. Kilikuwa hakina herufi hata moja, kama sharti lilivyotaka.

Mke wangu alijifungua mtoto wa kiume, mzima, mwenye kelele. Huku nyuma injinia akarudi kutoka klabu, akataka kumaliza haraka kabla mvua haijafunga jua, kwa sababu nakala za buluu tulizichapa kwa jua. Akakunjua kitambaa, akakilaza kifudifudi, upande unaong'aa ukawa juu. Ni kitambaa kinachopenya mwanga, mistari inaonekana pande zote mbili, na yangu ilikuwa myeusi kiasi kwamba hata kwa nyuma ilionekana safi. Mtu anayeshika kalamu kila siku angejua kwa kugusa tu. Yeye hakujua. Akachora mshale wake wa mto, akaandika "lango" pale alipoliona lango, akaandika vipimo, akachapa nakala, akazituma kwa nyapara wa waashi. Lango likahama kutoka kulia likaenda kushoto, na maandishi yote yakiwa yamenyooka, hakuna wa kushuku.

Niliporudi nilikuta kitambaa kiko kabatini na nakala zimeshakwenda. Sikukifungua. Nilikuwa na mtoto mchanga na furaha, nikasema kazi imekwisha. Hilo najilaumu mpaka leo, lakini ni hilo tu.

Waashi walijenga miezi mitatu, na injinia alikaa na kipande changu drooni, akisema ataandika maji yakishafunguliwa. Siku ya kufungulia maji tuliitwa wote. Meneja mkuu alikuja, na mabibi wenye miavuli, na sisi wa ofisi tukasimama nyuma. Maji yalipanda ukutani taratibu. Injinia akapunga mkono, lango likainuliwa, na maji yakatoka kwa kishindo, yakaingia ukingo wa kushoto, kwenye magugu, yakafagia shamba la wimbi la mtu na kutawanya ng'ombe waliokuwa wananywa. Ng'ambo ya pili mfereji ukawa umelala pale, mkavu, una majani makavu ndani yake. Mfereji huku, lango kule! Vibarua ndio walioanza kucheka. Halafu bibi mmoja akacheka chini ya mwavuli wake.

Nyapara hakucheka. Alikuwa mzee wa Kipsigis kutoka Siongiroi, mtu wa maneno machache, aliyejua jiwe litakaa wapi kabla halijainuliwa. Injinia aligeuka, uso umemwiva, anatafuta mtu. Macho yake yakapita kwa mzee, yakapita kwa waashi, yakaja kutua kwangu.

"Boi! Shenzi! Wewe nageuza ramani!"

Kabla sijapata ulimi, mzee nyapara akasema, taratibu, "Mimi niliuliza, pwana. Siku ya kwanza nilikuja ofisi. Nikasema mfereji uko kule, kwa nini lango liko huku? Ukaniambia nyapara fuata karatasi."

"Nyamaza!"

"Nimefuata karatasi, pwana," akasema mzee, na akanyamaza kweli.

Nilirudi Kericho nyuma ya lori nikitetemeka kuliko injinia. Haikuwa hofu. Ilikuwa hasira, na haikuwa na mahali pa kwenda. Nilikuwa najua mistari yangu. Nilijua lango niliweka wapi. Usiniambie mimi nimegeuza ramani! Asubuhi nikafika ofisini kabla ya wote, nikatoa kitambaa kabatini, nikapitisha ukucha juu yake. Hapo hapo nikaelewa.

Wino wa kalamu ya midomo haunywewi na kitambaa. Unakauka juu yake, unasimama, na ukipitisha ukucha unausikia kama uzi. Mistari yangu yote ilisimama upande uliofifia. Herufi zake zote zilisimama upande unaong'aa. Hakuna shahidi mzuri kuliko huyo, na hanunuliki.

Meneja mkuu alikuja saa tatu. Injinia akaanza kueleza kwa Kiingereza jinsi boi alivyochora kinyume. Mimi nikasubiri amalize, nikasema, "Bwana mkubwa, naomba ushike kitambaa hiki kwa kidole." Injinia akasema toka nje. Meneja akasema ngoja. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye haraka. Nikamwekea kidole gumba chake juu ya mstari wa lango, akausikia. Nikakisogeza juu ya herufi, hakusikia kitu. Nikakigeuza kitambaa. Sasa herufi akazisikia, mstari akaukosa. Akarudia mwenyewe, mara ya pili na ya tatu, mbele na nyuma. Kisha akamtazama injinia kwa muda mrefu.

Nikasema moyoni, Mungu yupo.

Meneja akazungumza kwa Kiingereza, akidhani mimi ni kiti. Alisema wakubwa kule ng'ambo hawawezi kuandikiwa kwamba injinia wao hajui mbele na nyuma ya kitambaa. Akasema ripoti lazima iende na sababu, na sababu itafutwe. Halafu akanigeukia mimi. "Asante, boi. Toka nje."

Nilimkuta mke wangu ananyonyesha mlangoni. "Umewashinda?" akauliza.

"Nimewashinda."

"Wamekupa nini?"

"Wameniambia nitoke nje."

Alicheka mpaka mtoto akaachia titi. Kisha akaona uso wangu, akaacha. "Baba mtoto," akasema, "mkono usioweza kuukata, ubusu. Chukua sahihi yako twende kwa mama. Hawa watakuchelewesha mpaka asikuone tena."

Siku mbili baadaye injinia akaniita. Alikuwa hajanyoa. Mezani palikuwa na ripoti iliyopigwa taipu na vitambaa viwili vidogo alivyojaribu kuchora akaviharibu. Alitaka mchoro wa kuambatanisha, lango la kimakosa kwa wino mwekundu, na la haki kwa wino mweusi. Nikasoma ripoti pale pale, ikiwa juu chini, maana kusoma juu chini nilijifunza kwa miaka sita ya kusimama mbele ya meza yake. Ilisema ni kosa la mchora ramani.

"Mchora ramani gani, bwana?" nikauliza.

"Wewe."

"Basi andika hivyo kwenye kipande changu. Uliniahidi."

"Kipande nasema boi. Kampuni hapana kuwa na mchora ramani Mwafrika. Hapana ruhusa."

"Sasa ni nani amekosa?"

Akazipanga upya karatasi zake mezani.

"Boi wa ofisi anafagia, bwana. Fagio langu halikugeuza ramani. Kama mimi ni boi, kosa si langu. Kama kosa ni langu, mimi ni mchora ramani. Chagua moja."

Haki ya Mungu nilimwambia hivyo, kwa sauti, nikiwa nimesimama. Shingo yake ikawa nyekundu zaidi, na kwa kitambo nilidhani aibu imempata, kwa maana aliangalia mikono yake mwenyewe, jinsi inavyocheza juu ya meza. Halafu akavuta droo, akatoa kipande changu kutoka kwenye kijaluba chake, akakiweka mbele yangu bila sahihi.

"Wewe nataka sahihi ama hapana?"

Fadhila ya punda ni mateke. Miaka sita nimemwokoa na aibu ya mikono yake, na malipo ndiyo hayo. Nilimfikiria mama anavyopapasa ukuta. Nilimfikiria askari anayetafuta watoro. Nikavuta kiti, nikakaa.

Nikapaka chaki. Nikatia tone. Nikachora ukuta, mabawa, mfereji, lango jekundu na lango jeusi, kwa muda wa saa mbili hivi. Nikaweka kalamu chini, nikasogea, kama kawaida, ili yeye aje aandike maneno. Hakuja. Alikuwa amesimama dirishani, mgongo kwangu, mikono kwapani.

"Maneno pia," akasema. "Andika wewe."

Nikadhani sijasikia vizuri. Akanisukumia kikaratasi kilichokuwa na maneno ya kunakili. Yalisema: Lango limewekwa upande usio wake. Kosa la mchora ramani Mwafrika.

Miaka sita sikuruhusiwa hata herufi moja. Sasa zilikuwa hizo.

Nililia, na sioni haya kusema. Lakini kwanza nilisukuma kitambaa mbali, kwa sababu machozi ni maji. Nilipokwisha kulia nikajifuta mikono vizuri, nikakivuta tena, nikaandika. Ningeweza kuandika vibaya. Ningeweza kuharibu, nikasingizia wino. Lakini nikasema hapana, hawa watu wa ng'ambo hawajawahi kuona mwandiko wangu, na hawatauona tena. Niliandika herufi nzuri kuliko zote nilizopata kuandika maishani, zimesimama wima, zimepangana, upande uliofifia, upande mmoja na mistari yake.

Injinia akakisoma mpaka mwisho. Akatia sahihi kipande, akakikunja mwenyewe, akakirudisha kwenye kijaluba. Sikukifungua mbele yake, nilikuwa na kiburi bado. Kalamu niliiacha mezani na wino ndani. Ilikuwa mara ya kwanza sikuipangusa.

Nilikifungua barabarani, tukingoja lori, mke wangu akichungulia begani. Kazi: boi wa ofisi. Na sahihi yake ikitetemeka chini.

"Tulitegemea nini kwake?" mke wangu akasema, na safari hii hakunitania.

Tulifika ziwani. Mama alimpapasa mjukuu wake uso mzima, akasema ana pua ya babu yake. Jumatatu nilivaa shati safi nikaenda kwenye ile ofisi ya ujenzi. Mzungu wa pale alikuwa na adabu, alinipa hata nafasi ya kukaa. Mezani mwake niliona kalamu za midomo, zimelala kwenye sanduku lake, moja imekauka wino. Akafungua kijaluba changu, akasoma, akanitazama.

"Hapa imeandikwa boi wa ofisi."

"Naweza kuchora, bwana. Nimechora miaka sita."

"Mchora ramani?"

"Ndiyo, bwana."

"Imeandikwa wapi?"

Nilijua imeandikwa wapi. Imeandikwa ng'ambo, kwenye ripoti ya kampuni ya chai, kwa wino mweusi, kwa mkono wangu mwenyewe.  Nikamwuliza fagio linawekwa wapi.